Kioo cha Mwalimu Jeruto

Mwalimu Jeruto hakuwahi kutuchapa. Katika shule ya watoto wa reli pale Nakuru, mwaka wa 1957, hilo pekee lilitosha kumfanya kituko. Alipenda vitu vyenye pande mbili zinazofanana. Alitukunjia majani ya malenge katikati, akatupeleka ziwani kuona flamingo na wenzao wa majini waliosimama kichwa chini, kisha akatoa kioo kidogo cha kunyolea. Ukichora nusu ya kipepeo na kukisimamisha kioo kando yake, unampata mzima. Tuligombania zamu kama wehu.

Siku moja akataka kila mtoto amsalimu kwa jina yule anayemwona kiooni. Zamu ya Rosa ilipofika, Rosa alitabasamu, akasema, "Habari yako, Apiyo."

Mwalimu alitoka Eldama Ravine. Hakujua kwamba Wajaluo humpa jina hilo pacha wa kike anayetangulia kuzaliwa. Sisi wa landhi, nyumba za wafanyakazi wa reli, tulijua, na Rosa hakuwa na ndugu hata mmoja. Mwalimu akacheka, akamweleza kwamba huyo ni yeye mwenyewe, ila kulia kumekuwa kushoto.

"Hapana, mwalimu. Huyu ananyonya kidole cha kushoto. Mimi sinyonyi."

Kesho yake mama yake Rosa aliingia darasani bila kubisha hodi, amekuja kumwondoa mtoto shuleni kabisa. Apiyo alifariki akiwa mchanga, akasema, na nyumbani hatajwi. Hata Rosa alifichwa jina lake la Adongo, la pacha anayefuata, asije akauliza habari za pacha. Sasa nani alimwambia? Na habari za kidole kile, ambazo ni mama tu aliyezijua?

Mwalimu, maskini, akaanza kueleza jinsi mwanga unavyorudi. Mama hakumsikiliza. Aliinamia kioo kilichokuwa mbele ya Rosa, akaita polepole, "Apiyo."

Nilikaa dawati la mbele. Rosa alikuwa amefumba midomo. Ya kiooni ilifunguka.

Mama alilia hadi akakaa sakafuni, kisha akamwacha Rosa aendelee na masomo. Aliomba jambo moja tu: nafasi ya kushoto kwa Rosa isikaliwe na mtu.

Mwalimu hakubisha. Jumatatu alipogawa chaki, aliweka kipande kizima na pale pasipo mtu. Hakuna aliyekigusa, mimi nililinda kwa macho. Tulipotoka mchana kilikuwa kimebaki nusu.