Homa ya Mama na Kiingereza Changu cha Leo

Wenzangu wa darasa la Kiingereza la jioni, nabandika hili ukutani kwa sababu leo Kiingereza changu kimenitia matatani na bado sielewi.

Asubuhi nimeingia kwa Bwana Mkubwa, yule Mwingereza wa kazini, kuomba ruhusa nimpeleke mama hospitali.

Kabla sijaomba, akaniuliza mama anaendeleaje.

Mie nikajibu kama tunavyojibu sote, la heri kwanza. "The fever is easing off, sir." Homa inapungua. Msemo wa juzi, mnaukumbuka.

Nikangoja aulize, "Na usiku kalalaje?" Hapo ndipo ningesema hakulala, hata maji anatapika.

Hakuuliza.

Akasema, "Good," akarudi kwenye chai yake.

Nikaona labda hajasikia vizuri. Nikaongeza, "It is dying down, sir," yaani inatulia. Akatabasamu, akanionyesha mlango.

Mchana nimekimbilia nyumbani Temeke. Nikamuuliza mama anaonaje.

"Sijambo, mwanangu," akasema, meno yanagongana.

Nikampakia kwenye baiskeli, tukaenda hospitali bila ruhusa. Amelazwa.

Kesho Bwana ataniuliza nilikuwa wapi.

Kalamu nimeifunga hapo msumarini. Niandikieni, nianze na lipi?