Shali Isiyo na Kanuni

Fundi Uzi, kama majirani walivyomwita, alipima ufumaji kwa maneno. Ukimletea sweta, hakuuliza lilichukua siku ngapi kufumwa. Aliligeuza, akapitisha kidole, akatoa hukumu: "Mbele mbili, nyuma mbili, rudia mpaka shingoni. Maneno saba." Basi hilo lilikuwa jepesi, hata lingekuwa kubwa kama pazia. Lenye maua lingeweza kula maneno thelathini. Wanawake aliowafundisha katika chumba chake cha nyuma, chenye viti sita na vikapu vya nyuzi, walitoka na mitindo yote kichwani, maana mwalimu wao hakupenda porojo. Kila mtindo una maneno yake machache, aliwaambia, na asiyeyaona hajatazama vizuri.

Mwezi ule binti yake alikuwa karibu kujifungua, naye aliomba kitu kimoja tu: shali kama ile aliyofunikwa mama yake, Fundi Uzi mwenyewe, utotoni. Ilifumwa na shangazi aliyemlea tangu siku ya kuzaliwa. Sasa nondo walikuwa wameila, ukiigusa inakatika. Ilibidi mtindo wake upatikane kabla haijaisha.

Siku tatu alitafuta maneno yake. Vitanzi vitano mbele, kimoja nyuma, kisha tisa, kisha viwili. Kila alipodhani ameshika kanuni, safu iliyofuata ilimsuta. Mwishowe alimeza kiburi, akaipeleka shali chumba cha pili, kwa shangazi mwenyewe.

"Shangazi, hii imenishinda. Kanuni yake ni ipi?"

Bibi kizee alicheka mpaka akakohoa. "Kanuni gani, mwanangu? Ulikuwa mgonjwa wewe. Ukilala, nafuma. Ukilia, natupa sindano nakubeba. Nikirudi sikumbuki nilifikia wapi, naanza vingine. Majirani wakaniambia mchelea mwana kulia hulia yeye. Nikawajibu, acha nilie."

Fundi Uzi alirudi kitini akahesabu mahali mtindo ulipogeuka. Palikuwa mia moja na nne. Mara mia moja na nne alibebwa, na hakuwahi kushukuru kwa sababu hakuwahi kujua. Alirudi kwa shangazi yake, akapiga magoti, akashukuru huku akilia kama mtoto.

Njia ya mkato haikuwepo. Alifungua daftari jipya, akaandika safu kwa safu, kitanzi kwa kitanzi, yeye aliyezoea kumaliza sweta zima kwa pumzi moja. Zikafika kurasa kumi na moja.

"Hii ndiyo ngumu kuliko zote nilizowahi kushika," alimwambia binti yake, "na aliyeifuma hata fundi hakuwa."

Karibu na ukingo kalamu ilisita. Safu hamsini za mwisho zilikuwa sawa zote, hazikukatika hata mara moja. Akaandika: Mbele mbili, nyuma mbili, rudia mpaka mwisho. Maneno saba tu. Mtoto alikuwa amepona, amelala.