Maharage Mbele, Mahindi Nyuma

Duka letu la vitenge liko Mchafukoge, na intaneti yake ni moja tu. Fundi aliyeifunga alitueleza alivyoipanga: laivu na simu za video zipite kwanza, picha za kutuma zisubiri. "Video ikichelewa inakatika," alisema. "Picha ikichelewa inafika tu."

Mimi ni mtu wa picha. Mwenzangu ni wa laivu. Kila asubuhi anajifunga kitenge mbele ya simu na kuwachekesha wateja, nao wanamwita malkia. Mimi nikiongea mbele ya watu watatu koo linakauka, kwa hiyo napiga picha, naandika maelezo polepole, natuma. Nilimwonea wivu sauti yake, kucheka kwake, na sasa hata njia alipewa yeye kwanza.

Siku moja mama mmoja wa Masasi alitaka picha za mzigo mpya kabla ya adhuhuri. "Zisipofika nachukua duka la jirani, mwanangu," aliniambia. Alikuwa mteja pekee aliyeniulizia mimi. Nikatuma picha ishirini. Hata moja haikutoka.

"Dada, punguza laivu kidogo," nilimnong'oneza mwenzangu.

"Nipunguzeje, nikate kichwa?" Akacheka, na wateja wake wakacheka naye. "Za kwako si zitafika tu, mdogo wangu?"

Nilitamani simu yake ianguke. Halafu nikataka ushahidi kwamba laivu yake ndiyo inayonizibia. Kwenye mfuko nilikuwa na maharage na mahindi ya kupeleka nyumbani. Nikayamwaga juu ya meza. Haragwe ni laivu, hindi ni picha yangu. Kila nikihesabu moja, punje moja inapita. Haragwe likiwepo, hindi linasubiri. Fundi alisema laivu moja inakula nusu ya njia, basi nikaleta haragwe moja kwa kila hesabu mbili.

Mahindi yalichelewa, lakini yalipita.

Nikarudia, nikiweka alama kwenye daftari. Yalipita tena. Niliumia, maana nilitaka sana awe yeye. Nikaongeza haragwe la pili, kana kwamba kuna laivu nyingine dukani. Hapo mahindi yakasimama kabisa, rundo likakua.

Nikainua macho. Simu ya Mama, mwenye duka, ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la pini. Kila asubuhi humpigia dada yake aliye Maskati kwa video, wakishasalimiana huiacha wazi, ili wawe pamoja wakifanya kazi zao. Kwenye kioo hapakuwa na mtu. Sufuria tu, inachemka.

Nikamwendea. "Mama..." Nilimwonyesha meza kwa kidole.

"Unachambua makande dukani?" akauliza.

Mwenzangu, aliyekuwa amemaliza kuuza jora moja, akaja, akaangalia punje, akasoma alama zangu, akaitupia jicho simu ya Mama. Alielewa mara moja. "Mama, haragwe hili mimi, hili wewe. Sufuria ya Maskati imeziba njia, picha za huyu hazitoki!"

Mama alicheka mpaka akashika meza. "Kumbe nazuia biashara yangu mwenyewe! We binti una akili," akamwambia mwenzangu, akakata simu.

Picha zikaanza kutoka, moja moja, laivu ikiendelea. Kabla ya adhana ya adhuhuri yule mama wa Masasi akajibu: "Zimefika. Niwekee majora manne." Nilisoma mara mbili kwa furaha. Kisha ukaja ujumbe mwingine: "Nisalimie yule dada wa laivu, ananichekesha sana."

Sikuzifikisha salamu.

Jioni nyumbani, makande yalipoiva, nilichagua mahindi kwanza, punje kwa punje. Maharage yalisubiri.