Siku Nilipoanika Paswadi za Kwaya

Mwanangu wa Form One, songa hapa kwa benchi, mzee akusimulie. Ndiyo, mzee: niko na miaka kumi na saba na ndevu tatu, na katika umri huo mkubwa nimewahi kuanika paswadi za kwaya nzima kwa ukuta wa kanisa.

Nakumbuka ilikuwa Jumapili, huku kwetu Dundori, ibada imeisha, watu wana chai mkononi. Nilikuwa nimetengenezea kwaya programu: unaingia na paswadi yako, unapata nyimbo na ratiba ya mazoezi. Mama, katibu wa kwaya, alikuwa amewabembeleza mwezi mzima waikubali. "Ni kijana wangu Brian," aliwaambia, "mnaweza kumwamini."

Basi nikawasha projekta, na kwa kujishaua tu, nikafungua jedwali la wanachama. Kando ya kila jina, paswadi yake, vile tu alivyoiandika.

Mzee Maina, kiongozi wa besi: *altonikelele1*. Akina mama wa alto waligeuka wote mara moja. Sijawahi kuwaona wakienda pamoja vizuri hivyo.

"Maina, kumbe?"

"Si mimi, ni kompyuta," Mzee Maina akajibu, akijificha nyuma ya kikombe.

Halafu macho yakafika kwa Mama: *Brianmvivu2*. Kanisa lilicheka hadi chai ikamwagika.

Mama Shiru, mwanakwaya mwenzao, peke yake hakucheka. "Brian, hiyo yangu ndiyo natumia kwa kila kitu. Na wewe umekuwa ukiisoma?"

Kicheko kikakatika. Wakaanza kusema majina yao yafutwe. Mama aliinamisha kichwa. Ni yeye aliyekuwa amenidhamini.

Nilizima projekta, nikawasihi wabadilishe paswadi hizo popote wanapozitumia, na wanipe wiki moja. Kesho yake mwalimu wetu wa kompyuta alinisikiliza, akauliza swali moja tu: "Kwani ulihitaji kuzijua za nini?"

Nikarudi nyumbani, mwanangu, nikafuta jedwali lote, nikaanza upya.

Kwa hivyo shika hili. Usihifadhi paswadi, hifadhi hashi yake, yaani herufi zinazobaki kompyuta ikishaisaga paswadi kwa hesabu. Ni kama mukimo, kile chakula chetu cha kupondwa: viazi vikishapondwa, hakuna wa kuvirudisha kuwa viazi. Mtu akija kuingia, ponda alichoandika kwa njia ile ile, kisha linganisha mukimo na mukimo. Na kabla ya kuponda, tia chumvi, yaani herufi za kubahatisha, kila mtu zake, uziweke pamoja na hashi. Hapo hata wawili wenye paswadi moja hawatafanana, na mwizi hawezi kuja na mukimo aliopondea kwao. Tena usijitungie mapishi, wewe si mjanja hivyo. Chukua bcrypt au Argon2, mapishi ya hashi ambayo wataalamu wameshayapima. Zinaponda polepole makusudi, anayekisia achoke.

Mungu akupe programu isiyogoma, na mama asiyetunga paswadi akikutazama ukilala.

Jumapili iliyofuata walijisajili upya, hata Mama Shiru. Mama aliandika yake akifunika kibodi kwa leso, kisha akataka aone kilichohifadhiwa. Nikamfungulia: mlolongo wa herufi na namba, hata mimi sioni kitu. Akauangalia weee, akacheka, akasema:

"Safari hii nimeandika kitu kizuri kukuhusu, na hutawahi kukijua."