Picha ya Kijiji cha Padri

Juzi, katika fleti yetu ya Joubert Park, huku ugenini, mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu kijiji kidogo cha Italia, juu kabisa ya kilima. "Babu, ona! Watu wanapanda huko kujifurahisha tu!"

Nilicheka, maana picha kama hiyo niliiona utotoni, kule milimani Kivu. Alasiri ile sakristia ya kanisa letu ilinukia nta na ubani. Padri wetu Mwitaliano alinionyesha picha ya kijiji chao cha mawe. "Wazee wetu walijenga juu ili kuwakwepa maadui," alisema. Pichani, njiani kulikuwa na watu wenye mabegi mgongoni na fimbo mkononi. Kwetu mlima ulipandwa na mwenye mzigo wa kuni, au mwenye kukimbia vita. Basi nikajua maadui wamerudi, na mama yake Padri yuko hatarini.

Nilikimbia nyumbani nikilia, nikasimulia yote. Mama yangu, Mungu amlaze pema, alijaza kikapu viazi vitamu vya moto, tukaenda misheni.

"Padri, ndugu zako wakifika wasilale nje. Kwetu nafasi ipo."

Padri hakucheka. Alimenya kiazi, akala pale pale mlangoni. "Asante, mama. Nitamwandikia mama yangu kwamba ana nyumba huku."

Macho yake yalijaa machozi. Mimi nilidhani kiazi kimemuunguza.