Nyasi Zilizolipwa Mara Mbili

Saa tatu na dakika kumi na nne asubuhi, siku ya Jumanne, tajiri aliingia ofisini akiwa na vumbi la nyasi kwenye ndevu, akaniuliza marobota mia tatu ya nyasi yako wapi.

Alikuwa ametoka stoo kuyahesabu mwenyewe. Programu ya hesabu ilionyesha tuna marobota mia saba na arobaini. Stoo ilikuwa na mia nne na arobaini.

Duka letu la jumla liko Garissa na linauza chakula cha mifugo: nyasi, pumba, chumvi ya kulamba. Ukame ukishika, malori hutoka uani kwetu hadi Bute na Lafey, mbali kaskazini, na huko mfugaji humuuza mbuzi mmoja ili awanunulie nyasi waliobaki. Mwaka huo wengine walikuwa wameshaanza kuuza wale waliobaki. Kwa hiyo marobota mia tatu si kitu cha kupotea bila mtu kuulizwa.

Nilimwambia anipe nusu saa. Ninasimamia hesabu za duka hilo. Shule niliiacha nikiwa kidato cha pili, nikawa utingo wa malori, na uhasibu niliusoma katika vitabu vya mitumba na kwenye video za simu. Njia niliyojifunza ni moja tu: bidhaa zikipungua stoo, usianze kumtafuta mwizi, anza na ankara zilizoziingiza.

Ankara ziliandikwa na karani wetu, mjane wa miaka thelathini na kitu aliyeishi mtaa wa Iftin na mama yake na binti yake. Alikuwa na miezi mitatu kazini. Kila ankara ya msambazaji ilipofika, alifungua akaunti ya msambazaji huyo, akaandika namba ya ankara, tarehe, bidhaa, idadi na bei. Tajiri aliidhinisha malipo kwa simu yake, mara nyingi akiwa anazungumza na mtu mwingine.

Niliipata kabla nusu saa haijaisha. Marobota mia tatu, kwa shilingi mia tatu na ishirini kila moja, yalikuwa yameingia mara mbili. Mara ya kwanza yaliingia kwa hati ya mapokezi iliyoandikwa getini na mwenye stoo. Siku tisa baadaye yakaingia kwa ankara iliyopigwa chapa. Namba za karatasi hizo mbili hazikufanana. Hata zingefanana, programu hukataa namba ya ankara iliyojirudia, lakini hukataa ndani ya akaunti ya msambazaji mmoja tu, na hapa akaunti zilikuwa mbili. Moja ilikuwa na majina matatu ya kitambulisho na namba ya ushuru. Nyingine ilikuwa na neno moja la Kisomali, maana yake mtu anayechechemea.

Ni lazima nieleze jambo hilo kwa asiyetoka kwetu. Kwetu mtu hupewa jina la kile kilichomharibikia, na hulibeba hadi kaburini. Aliyepoteza jicho huitwa kwa jicho, mwenye kigugumizi huitwa kwa kigugumizi. Mimi huitwa kwa meno yangu, ambayo maji ya kisima cha utotoni kule Wajir yaliyatia rangi ya kutu. Karani aliungua shavu la kushoto kwa mafuta ya kukaangia, na uani kote aliitwa kwa kovu lake. Watu husema hakuna anayekasirika. Sijawahi kusikia hilo kutoka kwa mwenye jina.

Mwenye stoo aliitwa ofisini. Hakuona kosa lake.

"Mimi naandika jina yenye watu wanajua," alisema. "Hiyo ya kitambulisho hata mama yake amesahau."

"Na wewe?" tajiri alimgeukia karani. "Hukujua ni mtu mmoja?"

"Kwangu alijitambulisha kwa jina lake, Haji."

"Humwoni anavyotembea?"

"Wanaochechemea mjini ni wengi, Haji."

Alisema kweli. Msambazaji yule, mkulima wa nyasi wa kando ya mto Tana, alipokuja ofisini alimwamkia karani kwa "abaayo", yaani dada, akampa ankara kwa mkono wa kulia na kutaja majina yake yote matatu polepole, kama mtu anayevaa koti la Idi. Hakuwahi kumwita kwa kovu. Nadhani katika Garissa nzima ni kwenye dawati hilo tu ambapo wote wawili hawakuwa na kilema.

Tajiri ndiye aliyeamuru, mwanzoni mwa ukame, kwamba wasambazaji walipwe kwa hati ya getini bila kusubiri ankara, wasije wakawauzia washindani. Nilimkumbusha hilo. Nilimkumbusha pia kwamba malipo yote mawili aliyaidhinisha yeye.

"Mimi nalipa nilichoandikiwa," alijibu. Kisha akampigia msambazaji na kuiweka simu mezani ili sote tusikie.

"Haji, mzigo wangu ulinilipa, Mungu akubariki. Huyo mwingine simjui."

"Walaahi humjui?"

"Laini ya simu iliyopokea pesa ni ya jina la nani?"

Ilikuwa ya jina la mwanamke. Tulijua sote kwamba ni mke wake.

"Basi mtafute huyo mama," sauti ilisema. "Na mwenye stoo wako aache kuandika dhihaka kwenye karatasi za biashara. Nenda nalo mahakamani jina hilo, uone kama hakimu ataliandika."

Simu ikakatika. Tajiri hakukasirika. Alitabasamu, na karani akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Mahakamani siendi," tajiri alisema. "Mashahidi wawili wazima wananitosha. Keshokutwa analeta mzigo mpya. Wewe," alimwita karani kwa kovu lake, "utasimama pale kwenye ngazi, na akiwa katikati ya ua utamwita kwa jina la getini. Akigeuka, ndiye. Asipogeuka, ni mshahara wako. Elfu kumi na nane kwa mwezi, gawanya mwenyewe."

"Kwa nini nimwite mimi, Haji? Mwenye stoo humwita kila siku."

"Kwa mwenye stoo amezoea kujifanya kiziwi akitaka. Kwako hatakuwa amejiandaa."

Nilisema kuna njia nyingine: tumuoneshe karatasi mbili, tarehe, idadi, namba ya gari, na kumwomba arudishe pesa taratibu. Tajiri alinitazama mdomoni, si machoni. "Meno," alisema, "wewe andika."

Kesho yake karani hakunywa chai. Aliniuliza mara moja tu kama programu ingeweza kukosea. Nikamwambia haijakosea. Angalau hilo nilijua kumwambia kwa uhakika.

Alhamisi lori liliingia uani baada ya saa nne. Wapakuzi walikuwa tayari, na wanunuzi kutoka barabara ya Wajir walikuwa wamekaa juu ya magunia ya pumba. Tajiri alikuwa amewaalika wazee wawili wa sokoni na kuwapa viti na chai ya maziwa. Hakuwaficha sababu. Habari ilikuwa imeshazunguka ua mzima, na watu walikuwa wametulia kama watu wanaosubiri mnada.

Msambazaji alishuka, akasalimia, akahesabu marobota pamoja na mwenye stoo hadi yakaisha. Kisha akaanza kuvuka ua kuelekea kwenye choo cha nyuma, akatugeuzia mgongo. Mguu wake wa kulia ulichora mstari mchangani.

Tajiri alimgusa karani bega kwa fimbo.

Karani aliita. Sauti haikutoka vizuri na msambazaji akaendelea kutembea. Mpakuzi mmoja akacheka.

"Naayaa, wewe!" tajiri alimkaripia karani. "Unaita kuku? Ita!"

Akaita mara ya pili, kwa sauti ambayo sikujua anayo. Jina lile lilivuka ua mzima.

Aligeuka. Hakugeuka kama mtu aliyenaswa. Aligeuka kama mtoto anayeitwa na mama yake kula, mwili mzima, uso tayari umejibu. Ni jina aliloitwa tangu alipojua kusikia, na mwili haukumuuliza ruhusa. Kisha akaona ni nani aliyeita.

Ua ulilipuka. Wapakuzi walipigana mabega. Mnunuzi mmoja akashuka kwenye gunia na kuanza kutembea akichechemea, mkono kiunoni, na mwenzake akamwita, "Haya, na wewe ulipwe mara mbili!" Mzee mmoja wa wale mashahidi alijifuta machozi kwa ncha ya kilemba. Yule mwingine alisema tu, "Ni yeye," akarudi kwenye chai yake.

Msambazaji alirudi taratibu hadi kwenye ngazi. Ilimchukua muda, na watu hawakuacha kumsindikiza kwa makofi yaliyofuata mwendo wa mguu wake.

"Nilidhani ni malipo ya mbele," alimwambia tajiri. "Ya mzigo huu."

"Juzi hukudhani hivyo kwenye simu."

"Nilisahau."

"Basi leo umekumbuka. Mzigo huu nimeshaulipia. Mashahidi, mmesikia?"

Wazee walisema wamesikia. Robota bei ileile, idadi ileile, mia tatu. Mambo yakaisha kwa maneno hayo, kwa njia ya kwetu, bila karatasi.

Lakini karatasi ilibaki. Msambazaji alitoa mfukoni ankara ya mzigo huo mpya, nayo imepigwa chapa, akaingia ofisini na kuiweka kwenye dawati la karani. Nilikuwa nimekaa dawati la pili. Karani aliishika bila kuinua uso.

"Nisamehe," alisema. "Nikuandike kwa jina gani?"

"Kwa lile uliloniita."

"Abboowe, kaka yangu, wangekata mshahara wangu wote."

Alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akamtazama shavu la kushoto, akalitazama vya kutosha, na kumwita kwa kovu lake. Alilitamka vizuri, bila hasira, kama alivyokuwa akitamka majina yake matatu. Akatoka nje ambako bado walikuwa wanamsubiri.

Hakurudi tena kwetu. Nyasi zake sasa huenda kwa mshindani, ambako nasikia getini wanamwita vilevile.

Jioni hiyo niliziunganisha akaunti mbili kuwa moja na kuyahamisha malipo ya ziada hadi kwenye mzigo mpya. Salio likawa sufuri. Tajiri alisimama nyuma yangu akitazama skrini, akaamuru kuanzia siku hiyo kila msambazaji aandikwe kwa majina yote mawili, la kitambulisho na la getini, ili kosa lisirudi. Kihesabu ni amri nzuri, na mimi mwenyewe ningeipendekeza. Karani aliifanya kwa siku nzima ya Jumamosi, akimuuliza mwenye stoo mmoja baada ya mwingine: huyu wanamwitaje? Na huyu? Sasa ukifungua orodha ya wasambazaji wetu utaona jicho moja, kigugumizi, nundu, mkono mfupi, kila mmoja na namba yake ya ushuru, na majina hayo hutoka pia kwenye taarifa ya akaunti tunayowatumia mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi huo tajiri alinionyesha jambo nililokuwa nimelipita. Yale malipo ya ziada yalipotumwa kwenye laini ya mke wa msambazaji, yalikatwa ada ya kutuma, na ada hiyo haikurudi. Alitaka nimwambie nani ailipe.

Niliiandika kwenye hati ya mshahara wa karani, mstari wa makato. Shilingi elfu tisini na sita ziliokolewa. Zilizopotea zilikuwa shilingi mia moja na nane.