Uji wa Muhogo Ndani ya Rangi

Siku yangu ya kwanza kazini sikuonyeshwa rangi hata moja. Msimamizi wa warsha yetu, iliyokuwa kwenye uchochoro nyuma ya Mkunazini, alitutazama wanagenzi wawili tuliosimama mlangoni, mimi na kijana mmoja jina lake Suleimani. Akatutia kila mmoja kipande cha gundi kiganjani.

"Tieni mdomoni. Msitafune."

Tukanyonya. Nilikuwa nimekuja kujifunza kutengeneza rangi za wachoraji, na mama yangu alikuwa amenishonea nguo mpya kwa ajili hiyo.

"Ina ladha gani?"

"Haina ladha, Msimamizi."

"Ndiyo yenyewe. Ikikukaza ulimi, ujue imechanganywa na utomvu wa mkanju, huo mti wa korosho. Hiyo mrejeshee muuzaji, na usimwambie ahsante."

Vijana wa leo huniuliza siri ya rangi ya maji, nami huwaambia kuwa hakuna siri, pana kazi. Rangi ni vitu viwili: unga wenye rangi, na kitu cha kuushika unga huo juu ya karatasi. Unga uwe mzuri namna gani, bila cha kuushika ni vumbi. Sisi tulishika kwa gundi ya mgunga, mti wa miiba wa nchi kavu, iliyotujia kwa magunia kutoka bara. Tukiiponda, tukiifunga ndani ya kitambaa cha melimeli, tukiining'iniza kwenye maji ya uvuguvugu mpaka asubuhi. Haichemshwi, ukiichemsha unaiua nguvu. Kisha asali kidogo, ili rangi ikikauka isiwe kavu mno, na mafuta ya karafuu tone kwa tone, maana gundi ni chakula, na kuvu wa Unguja hangojei kukaribishwa. Ndipo tunaposaga na unga, jiwe juu ya marumaru, mpaka mkono usahau kama ni wako.

Na hapo bado haijawa rangi. Msimamizi alikuwa na desturi yake. Kila mchanganyiko ulipakwa kwenye karatasi, ukaachwa ukauke, kisha yeye mwenyewe akaufuta kwa mkono wa kanzu yake nyeupe. Mkono ukitoka mweupe, rangi inakwenda kwenye chupa. Ukitoka na buluu, gundi ni haba, na kazi yote inarudi kwenye jiwe. Hakuwahi kufuta kwa kitambaa. "Kitambaa hakina mke wa kukigombeza," akisema. Tulisikia kuwa huyo mke hatupendi hata kidogo, na sikumlaumu.

Baadaye nilihamishiwa ununuzi, chini ya Mkaguzi wa Bohari, mtu asiyecheka, aliyenifundisha kupima kila gunia mara mbili: mara moja mbele ya muuzaji, mara ya pili muuzaji akishadhani tumemaliza. Miaka hiyo wauzaji wa soko la Darajani wote walinijua. Nikifika tu, nnatia gundi mdomoni.

"Bi Zuwena, unanunua au unakula?"

"Nnaionja hasara kabla sijailipia."

Nilirudi warshani nikiwa Mkuu wa Chumba cha Gundi. Msimamizi alikuwa ameshastaafu, na kwenye kiti chake alikaa Suleimani, sasa Meneja, amevaa shati la mikono mifupi. Simsemi kwa shati. Joto ni joto. Lakini desturi ya kufuta ikaondoka siku ile ile, na hakuna aliyeitangazia matanga.

Nataka hapa nieleweke. Wako watu wanaoharibu kwa kutojua, na hao nnawasamehe. Suleimani alijua. Alinyonya gundi ile ile, siku ile ile, mlango ule ule.

Hoteli moja ya Nungwi ilitaka picha kubwa za mimea ya Unguja kwa ukumbi wake. Kazi akapewa Rukia, binti wa Makunduchi, mchoraji mwenye jicho: akikuchorea jani la mti wa mkungu, unaujua upande uliopigwa na jua. Alikuwa ameacha kazi ya ualimu ili aishi kwa brashi, na picha hizi ndizo zingemfungulia milango au kumfungia. Rangi zote angenunua kwetu. Meneja akaja chumbani kwangu.

"Zuwena, gundi imepanda bei. Nusu tia gundi, nusu tia uji wa unga wa muhogo."

"Huo ni wa kubandikia matangazo ukutani, Meneja."

"Unashika."

"Unashika kiangazi. Masika je?"

"Watalii hawatofuta picha kwa mikono ya kanzu."

Nikakataa. Hakugombana nami. Alichukua kazi akaipeleka chumba cha pili, ikatoka huko na uji wake, ndani ya chupa zetu zile zile, na jina letu lile lile juu yake. Nilipojua, chupa zilikuwa zimeshafika kwa Rukia na picha zimeshatundikwa.

Masika ikaingia. Rukia akanipigia simu, sauti imemkauka.

"Bi Zuwena, picha zinapukutika. Ukipita karibu nazo zinaangusha unga. Na nyingine zimeota kuvu. Meneja wenu amewaambia watu wa hoteli kuwa mimi niliziweka karatasi pabaya kabla ya kuchora."

Neno hilo lingekaa, hakuna hoteli kisiwani ingempa tena hata ukuta wa choo. Siku ya kwenda kuonana na mnunuzi wa hoteli, aliyeagiza picha zile, Meneja alinichukua kwenye gari ya warsha nikatoe neno la mtu wa gundi. Tulikuwa hatujamaliza kutoka mjini alipoanza.

"Mwakani unastaafu. Nimekuandalia mkataba, uwe mshauri wetu. Utakaa kitini, utaonja gundi, utalipwa. Wewe waambie tu kuwa karatasi ziliingia unyevu."

"Karatasi ziliingia unyevu," nikasema. "Hilo kweli."

Akafurahi, akawasha redio.

Pale ukumbini, Rukia alisimama pembeni ya picha zake kama mtu aliyefiwa. Mnunuzi, mama mmoja mpole mwenye miwani, aliniuliza nnaonaje.

"Karatasi zimeingia unyevu," nikasema. Suleimani akatikisa kichwa kukubali. "Na kila karatasi ya Unguja huingia unyevu masika. Rangi yenye gundi yake huvumilia. Hii imetiwa uji wa muhogo. Huyu binti hakukosea kitu. Alinunua chupa yenye jina letu, akatuamini."

"Nani aliyeamuru?"

"Muulize Meneja. Mimi na yeye tulianza kazi siku moja."

"Lahaula! Zuwena, unaniuza?"

"Sikuuzi, Suleimani. Nani angekununua?"

Mnunuzi hakucheka, ila alivua miwani akaifuta. Rukia akaongezewa muda wa kuchora upya, kwa rangi atakayoichagua mwenyewe. Warsha yetu ikaondolewa kwenye kazi hiyo na nyingine zilizokuwa zinafuata.

Sasa nisikilizeni nyinyi mnaosema ukweli una malipo yake. Wenzangu wa chumba cha gundi, niliowafundisha mwenyewe, waliniambia usoni, "Umetukatia riziki, Bi Zuwena." Si Suleimani aliyewakatia, mimi! Mwaka wangu wa mwisho hakuna aliyenitilia chai. Nikastaafu Ijumaa moja bila hata soda, na mkataba wa ushauri sikuusikia tena. Suleimani bado Meneja. Leo napita madukani nnaona rangi ya ukuta imezimuliwa maji, imetiwa kwenye vichupa vyenye picha ya brashi, inauzwa kwa watoto wa skuli kuwa ni rangi ya wachoraji. Nikiuliza imeshikwa na nini, nnajibiwa, "Bi, rangi ni rangi." Damu yangu inachemka hapo hapo dukani, na bei nnaishusha kwa hasira tu, hata kama sinunui.

Kwa hiyo gundi nnaitengeneza mwenyewe, jikoni kwangu hapa Michenzani, kwa wachache wanaojua wanachokitaka. Rukia ni mmoja wao. Juzi alibisha hodi.

"Shikamoo, Bi Zuwena."

"Marahaba, mwanangu. Umeshaimaliza?"

"Bado." Akavua viatu mlangoni. "Usinikasirikie. Gundi ya safari hii nzito. Majani niliyoyachora yamepasuka."

"Nzito? Mimi? Rukia, mimi nimepoteza mkataba kwa ajili yako! Nimenuniwa mwaka mzima! Leo unakuja nyumbani kwangu kuniambia gundi nzito?"

"Nalijua hilo, Bi, na sitolisahau. Lakini yamepasuka."

Akanipa karatasi. Nikaipeleka dirishani kwenye jua, nikaigeuza huku na huku nikitafuta pa kumlaumu. Majani yalikuwa yamepasuka.

Nikamwambia akae. Nami, bado nikigomba, nikateleka maji ya uvuguvugu kwa gundi nyingine.